Ua Lililoota Mpakani

Niinulieni mto niegemee ukuta, kisha kila mtu akae mahali nitakapouona uso wake. Abdul-Karim, wewe ndiye mwanangu wa kwanza, kaa hapa kushoto kwangu. Halimah, binti yangu, acha hilo birika, chai haitakimbia. Na wewe Bonny, mtoto wa Tarcisio Okidi, usisimame mlangoni kama askari wa zamu, vua viatu uingie, ukae mkekani pamoja na wenzako, kwa sababu nimekuita kwa jina na maneno yangu yanakuhusu sawasawa na wanangu wa kuwazaa. Daktari aliwanong'oneza mambo yake kule koridoni mkadhani sikusikia, lakini mimi nimelea watoto katika kota za polisi, ambako mtu akikohoa chumba cha kwanza anapewa pole chumba cha mwisho, na masikio yangu hayajastaafu. Najua muda wangu ni mfupi. Siogopi, nimeshiba maisha, na akili yangu asubuhi hii ni timamu, kwa hiyo haya nitakayosema yachukueni kuwa ndiyo wosia wangu, asije mtu baadaye kudai kwamba mama alikuwa anaweweseka.

Ya mali niyamalize upesi maana hayana ugumu. Nyumba hii na kiwanja chake mtagawana kama sheria ya dini inavyosema, sheikh atawapigia hesabu, na sitaki kusikia kwamba mlikwenda kutafuta wakili wa kuwagombanisha. Cherehani ni ya Halimah. Makawa ya rangi niliyosuka kwa mikono yangu, yale ya kufunikia chakula siku za arusi, apewe mjukuu wangu Husnah, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeketi nami akajifunza kuyasuka badala ya kuyapiga picha tu. Mnizike Bombo, kwa wazee wangu, na mnizike siku hiyohiyo, msiningojeshe kwa ajili ya jamaa wa mbali ambao hata nikiwa mzima hawakunijia.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya niwaite. Jana mlikuja hapa wawili, Abdul-Karim na Bonny, mmeshikana mikono, mkaniambia kwa furaha kwamba ule ugomvi wa baba zenu mmeuzika, kwamba ule ukanda wa majani ulio katikati ya nyumba zetu mmekubaliana kuukata nusu kwa nusu, na kwamba leo fundi Makokha anakuja na vijana wake kufyeka kila kitu, kung'oa mizizi, na kuanza msingi wa vyumba vya kupangisha, upande huu vya Abdul-Karim na upande ule vya Bonny, ukuta ukiwa mmoja. Mlisubiri nifurahi. Nikatabasamu, mkadhani nimekubali, mkaondoka. Wanangu, nilifurahi kwa ile mikono iliyoshikana, Mungu anajua nilivyoiombea, lakini kwa hayo mengine niliumia sana, nikakataa hata uji, na Halimah akadhani ni dawa zilizonichafua tumbo.

Mnagawana kitu msichokijua, basi nisikilizeni niwaeleze ni kitu gani.

Baba yenu Sulaimani alikuwa dereva wa polisi, na Tarcisio alikuwa mtu wa redio, anapokea ujumbe na kutuma. Huyu Mnubi wa Bombo, yule Mwacholi wa Kitgum. Huyu Ijumaa, yule Jumapili. Na hata hivyo mshahara ulipochelewa sufuria ilikuwa moja. Walipokaribia kustaafu wakanunua viwanja viwili vilivyopakana hapa Makindye, kwenye mteremko ambao wakati ule watu waliucheka. Wakapanda luwanyi, ile miti myembamba ambayo Waganda huipanda mpakani na ambayo hakuna mtu mwenye akili anayethubutu kuing'oa. Lakini hawakupanda mstari mmoja kama watu wengine. Walipanda mistari miwili, kila mmoja akirudi nyuma kidogo ndani ya ardhi yake mwenyewe, ili katikati pabaki njia ya kutupitisha mimi na Akidi, mama yake Bonny, tukienda kuteka maji chemchemini kule bondeni. Ule ukanda mnaouita wa ugomvi ulianza kuwa zawadi. Wanaume wawili walitoa ardhi yao ili wake zao wasizunguke na madumu kichwani, na nyinyi mlikuwa wadogo mno kukumbuka.

Kisha mabomba yakaja, madumu yakapumzika, njia ikaota majani. Na siku moja mvua zilipokatika, katikati kabisa ya ile njia ya zamani kukasimama mmea ambao hakuna aliyewahi kuuona. Ulikuwa mrefu kumpita mtoto wa shule, shina limenyooka, majani membamba yenye ncha, maua madogo meupe yenye zambarau kidogo yakining'inia kwa mafungu na kutazama chini, na baada ya maua ukatoa matunda ya ajabu, mapira ya kijani yaliyojaa hewa na kuota manyoya laini. Ukiuvunja unatoka maziwa. Sulaimani alipouona alisema maneno mafupi: Tarcisio amepanda mpaka mpya. Mnajua desturi ya hapa, kinachosimama peke yake kwenye mstari kimewekwa na mtu, na aliyekiweka ana lake moyoni. Kule ng'ambo naye Tarcisio akayatazama yale mapira yenye manyoya na yale maziwa, akasema Sulaimani ameleta dawa kutoka kwa watu wake wa Bombo, ametegea familia yangu. Huyu anaogopa kunyang'anywa ardhi, yule anaogopa kurogwa, na hakuna aliyevuka hatua chache kumwuliza mwenzake. Nilimwambia Sulaimani, mume wangu, mwulize tu. Akanijibu kwamba mimi sijui mambo ya viwanja.

Wakafikishana kwa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa. Mzee yule alikuja na kofia yake, akauzunguka mmea mara kadhaa kama anayekagua gwaride, akatoa amri: mpaka kesi iishe, mtu yeyote asiguse hata jani moja katika ukanda huu, si panga, si jembe, si moto. Akaondoka, kesi ikaahirishwa, mwenyekiti akashindwa uchaguzi, aliyefuata hakutaka kuisikia, na amri ikabaki pale pale. Baba zenu waliiheshimu kwa sababu walikuwa polisi hadi kwenye mifupa. Uwanja wetu ukafagiwa kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa, uwanja wa kina Okidi hivyo hivyo, maana sisi watu wa kota tumefundishwa kwamba palipo na majani hapana nidhamu, na katikati ya nyua hizo mbili kipande kimoja kikaachwa kimeota jinsi kinavyotaka. Salamu zikakatika. Nyinyi mkakatazwa kucheza pamoja. Sulaimani akafa bila kuupata mkono wa rafiki yake, na Tarcisio alikuja mazikoni akasimama barabarani, ng'ambo ya watu, kofia mkononi, na machozi niliyaona. Naye hakukaa sana akamfuata.

Tukabaki wajane wawili tunaotazamana kupitia majani. Siku moja Akidi ndiye aliyenisemesha kwanza, nami nilikuwa nafagia. Akasema, "Mama Karimu, hii mimea yenu inaisha. Kuna midudu inakula majani yote. Tupige dawa?" Nikamjibu, "Mama Bonny, mimea yetu tangu lini? Si ni yenu?" Akasema, "Sisi hatukupanda." Nikasema, "Wallahi, na sisi hatukupanda." Tukasimama pale na mafagio yetu, watu wazima wenye wajukuu, tukicheka mpaka tukakaa chini, kisha tukalia, kwa sababu tulijua waliokuwa wanastahili kuyasikia maneno yale wote wawili wako ardhini.

Hatukupiga dawa. Tukataka kwanza kujua kile kitu ni nini, maana kimekula miaka yetu na marafiki zetu. Kila asubuhi Akidi alikaa na kigoda chake upande wake na mimi upande wangu, tunatazama. Wale viwavi walikuwa na mistari, nyeusi, nyeupe na manjano, wamejipamba kama wanakwenda sherehe, na mgongoni wana vipembe vyeusi laini, jozi tatu, Akidi ndiye aliyezihesabu maana macho yake yanashinda yangu. Walikula majani yale yenye maziwa ambayo mbuzi wa jirani alipita akanusa akageuza shingo. Hawakugusa kitu kingine, si mchicha wangu, si kunde za Akidi. Ndege waliwaona peupe na hawakuwadonoa. Kisha wakajining'iniza chini ya majani, wakajifunga ndani ya kifuko cha kijani chenye vidoa vinavyong'aa dhahabu, na baadaye kikatoka kipepeo wa rangi ya machungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe. Kipepeo huyo mmemwona maisha yenu yote. Anapita juu ya soko, anapita juu ya paa za gereji za Kisenyi, mlimfukuza mkiwa watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza anatoka wapi. Anatoka hapo, chini ya dirisha letu.

Husnah alipokuja likizo nikamwambia, mjukuu wangu, nitafutie jina la jirani yangu huyu. Akapiga picha ya ua, simu ikasema hivi. Akapiga picha ya tunda, simu ikasema vile. Mara ni pamba, mara ni mti mwingine wa nchi kavu ambao nao hutoa maziwa na matunda ya hewa. Mtoto hakukubali jibu la kwanza, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Alisema, "Haboba, simu inakisia tu, tuangalie wenyewe." Akakaa chini na sisi. Ule mti wa nchi kavu una majani mapana na mazito, haya yetu ni membamba, basi sio. Pamba haitoi maziwa, basi sio. Tukabaki na ndugu wawili wanaofanana mno, na tofauti yao iko kwenye tunda, mmoja tunda lake limechongoka mwishoni kama mdomo wa ndege, mwingine tunda lake ni duara tupu. Akidi akalichuma moja, akalizungusha kiganjani, akasema, "Hii haina mdomo." Na ndivyo tulivyojua. Jina lake la vitabuni ni Gomphocarpus physocarpus, Husnah amelibandika pale ukutani kwa herufi kubwa, na ulimi wangu hauliwezi wala sijali, maana nilichokitaka hakikuwa jina tu.

Nilitaka kujua nani aliupanda, na jibu nililiona kwa macho yangu. Siku ya jua kali yale mapira yakapasuka, ndani yake mna mbegu nyeusi, kila mbegu imevaa nywele nyeupe za hariri, na upepo wa kilimani ukazichukua. Nyingine zikapita juu ya nyumba yetu, nyingine juu ya nyumba ya kina Okidi, nyingine zikaanguka kwenye ndoo ya Akidi, na nyingine zikateremka taratibu kwenye ule ukanda, mahali pekee penye udongo usiofagiwa, zikatulia. Bonny, baba yako hakuhamisha mpaka. Abdul-Karim, baba yako hakutega dawa. Mbegu ilikuja na upepo ikashukia njia ya mama zenu, na wanaume wawili wazuri wakaacha kupeana mikono kwa ajili yake. Nataka hilo lisemwe kwa sauti katika nyumba zote mbili, wajukuu walijue, kisha lisirudiwe kwa uchungu tena.

Sasa ndipo nasema kuhusu vyumba vyenu. Nimekwisha tazama ukanda ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama televisheni, na nawaambia kuna wakazi. Kipepeo jike anataga yai moja moja chini ya jani la mmea huo na wa ukoo wake tu. Ukimpa mawaridi ya hoteli nzima hatataga. Nyuki wanakuja kwa maua yake, nyigu wanakuja, na kale kandege kadogo ka mkia mrefu kanakuja kuchota zile nywele za mbegu kwenda kutandikia kiota chake ndani ya luwanyi. Kwingine wataenda wapi? Tangu barabarani mpaka bondeni kila mtu amemwaga saruji. Kule mtaa wa Bwaise kila mvua maji yanaingia hadi kitandani kwa sababu hakuna udongo ulioachwa wa kuyanywa, na mteremko huu wetu unayanywa hapo, kwenye hayo majani mnayotaka kuyang'oa.

Sikieni basi uamuzi, maana siombi ushauri. Dini yangu inaniruhusu kutoa mpaka theluthi ya mali yangu kwa asiye mrithi, nami nilimwuliza sheikh kama asiye mrithi anaweza kuwa na mabawa. Alicheka, akafikiri, akasema kumlisha kiumbe wa Mungu ni sadaka. Nusu ya ukanda iliyo upande wangu ni ndogo sana kuliko theluthi, hakuna mrithi atakayepunjika, na kuanzia asubuhi hii naifanya wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, haijengwi. Ni ya ule mmea na ya wote wanaoutegemea. Nusu nyingine ni ya Akidi, naye bado yu hai na hati iko kwa jina lake. Bonny, usinitazame hivyo. Mama yako ameshaamua kama mimi, alinyamaza tu jana ulipomweleza kwa sababu tulipatana kwamba mimi niliye mkubwa niseme kwanza. Msimlaumu. Ugomvi wenu umekwisha na uishe, ila msiusherehekee kwa kuua kitu pekee chema kilichozaliwa ndani yake.

Abdul-Karim, najua unawaza karo za watoto. Sikukuzaa ili nikuache bila njia. Jengeni vyumba nyuma, pale ilipo karakana ya baba yenu na lile gari lake bovu ambalo kwa heshima yake tumelihifadhi mpaka likawa nyumba ya panya. Liuzeni chuma chakavu. Sulaimani atanisamehe, nitamweleza mwenyewe.

Kuhusu kuutunza, shikeni machache. Msipige dawa ya wadudu hata majani yakiliwa yote, yataota mengine. Msifyeke mpaka mapira yapasuke na mbegu ziondoke, kisha kateni kidogo kidogo, upande mmoja mwaka huu na upande mwingine mwaka ujao. Watoto waonywe, yale maziwa ni sumu na yakiingia jichoni ni hospitali, basi watazame kwa macho na mikono ikae nyuma. Luwanyi zibaki mistari yote miwili. Na msifagie pale. Halimah, wewe hasa, najua mkono wako unavyowasha ukiona jani, na ni mimi niliyekufundisha, lakini pale usifagie.

Nipe maji kidogo. Taratibu. Basi, yatosha.

Jana niliwanyamazia mkaondoka na mnachokitaka. Abdul-Karim, toa simu. Mpigie Makokha sasa hivi, mbele yangu, na uweke sauti nje nisikie mwenyewe. Bonny, sogea karibu naye, mseme wote wawili, asije akadhani ni mmoja amebadili mawazo... Inaita. Kumbe ameamka... Mwambie. Mwambie na mapanga asilete... Hapana, usimwambie wiki ijayo, mwanangu. Usimwambie tutaona. Mwambie ukanda ule una wenyewe.

Hivyo. Bonny, na wewe rudia... Nimesikia. Nimesikia vizuri.

Sasa nilazeni, mgongo umechoka. Halimah, fungua dirisha la upande ule... zaidi. Mungu awape wanangu riziki isiyowatoa utu, awape ndoa zenye maneno mengi na hasira chache, na mkiwa na shaka na jirani, awape miguu ya kwenda kumwuliza. Bonny, nawe umo, mwanangu, umo ndani ya dua... Karimu, shika mkono wake, sio wangu. Wake... Akidi ameshatoka na kigoda chake, ninamsikia. Mwambieni aanze tu, mimi leo... leo nitatazama nikiwa nimelala.